Bob Reeve: Rubani wa mitumba aliyetua juu ya barafu

Ukiwa na hela kidogo na unataka gari la kupanda vilima vya Murang'a msimu wa mvua, huendi kutafuta gari la kifahari. Unatafuta kitu kilichozeeka lakini kigumu. Probox, au pikapu ya miaka ya tisini ambayo fundi wa mtaa anaijua nje ndani na spea zake ziko Kirinyaga Road. Rangi imechakaa, sawa. Kiti kimeraruka, sawa. Mradi injini iko na nguvu na chuma hakijaoza.

Sasa ichukue hesabu hiyo hiyo uipeleke angani. Unatafuta ndege, tena kuukuu, ya kutua milimani kwenye barafu. Rubani ni wewe, fundi ni wewe, na mfukoni una senti ishirini za Marekani.

Jamaa aliyeifanya hesabu hiyo na ikatoka sawa aliitwa Robert Campbell Reeve. Wenzake walimwita Bob. Alizaliwa Machi 27, 1902, katika mji mdogo wa Waunakee, jimbo la Wisconsin, Marekani, yeye na pacha wake Richard. Alikufa 1980, na kule Alaska jina lake bado linatajwa kama sisi tunavyowataja wanariadha wetu wa zamani. Huku kwetu ni wachache wanaomjua. Ndiyo maana naandika.

Bob hakuwa mtoto wa kutulia. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, alikuwa na miaka kumi na mitano. Akajiunga na jeshi hivyo hivyo. Aliporudi kutoka jeshini hangeweza kukaa darasani na kusikiliza, kwa hivyo akasafiri hadi China na kufanya kazi katika idara ya forodha mjini Shanghai. Hebu fikiria kijana wa umri wa kidato cha nne kukagua mizigo ya meli Shanghai.

Alirudi nyumbani akaingia Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alisoma miaka kadhaa, kisha miezi michache tu kabla ya kuhitimu akaondoka bila shahada. Kichwa chake kilikuwa tayari kwenye ndege. Mimi mwenyewe niliacha chuo, lakini sababu yangu ilikuwa karo, na sikuwa nimebakisha miezi michache. Kwa hivyo usidhani nakwambia habari hii ili uache masomo. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mnamo 1926 alikuwa Texas, akiwafuata marubani waliozunguka mashambani wakionyesha sarakasi za angani na kuwabeba watu kwa malipo. Hakuwa na pesa za kulipia mafunzo. Akawa anawafanyia kazi, nao wanamfundisha. Ni kama utingo anayejifunza kuendesha matatu huku akikusanya nauli. Huko ndiko alikojifunza ufundi wa injini, na jambo hilo likumbuke, maana miaka michache baadaye litamwokoa.

Mwaka 1929 alipata kazi ya maana. Kampuni ya Panagra ilikuwa imeanza kupeleka barua na abiria kando ya pwani ya magharibi ya Amerika Kusini, na Bob akawa rubani wake kati ya Peru na Chile. Upande mmoja una bahari, upande mwingine una Milima ya Andes, na katikati kuna jangwa. Hapo ndipo alipoanza kuelewa milima kutoka juu. Alijua jinsi upepo unavyopanda ukigonga mteremko kutoka upande mmoja, na jinsi unavyoporomoka kama maporomoko ya maji upande wa pili. Ndege ndogo ikinaswa na upepo unaoporomoka inaweza kushuka haraka kuliko uwezo wa injini yake kupanda, hata rubani akifungua mafuta yote.

Kule Chile alikutana na mzee mmoja mchimba madini aliyekuwa amekaa Alaska. Mzee akampigia stori za dhahabu na za milima isiyo na barabara. Zikamwingia.

Baada ya kuharibu ndege moja ya kampuni, kazi ya Panagra iliisha. Alirudi Marekani mwaka 1932 akakuta nchi imeanguka kiuchumi. Kazi hakuna. Halafu akaugua polio, ugonjwa uliomwacha na mguu mmoja dhaifu. Rubani hutumia miguu yote miwili kuukanyaga usukani wa mkia, kwa hivyo unaweza kuelewa pigo lile.

Wengi hapo wangerudi kijijini. Bob alienda Alaska. Nauli hakuwa nayo, akajificha ndani ya meli. Alishuka Valdez, mji wa bandari uliobanwa kati ya bahari na milima ya theluji, akiwa na zile senti ishirini, akichechemea. Alikuwa amesota kabisa.

Valdez ulikuwa mji uliowahi kuona pesa, kisha pesa ikaondoka. Mwanzoni mwa karne watu walipita pale kuelekea dhahabu ya bara. Migodi ilibaki milimani, mingine futi elfu sita juu, na kufika huko ilikuwa adhabu. Mizigo ilibebwa kwa farasi, kwa mbwa, kwa mgongo. Safari ya siku nyingi kupeleka gunia la unga. Baadhi ya migodi ilikuwa imefungwa kwa sababu hiyo tu. Dhahabu ipo, lakini gharama ya kupeleka baruti na chakula inaimeza yote.

Na pale mjini kulikuwa na ndege moja, imevunjika.

Ilikuwa Eaglerock, ndege ya mabawa mawili, moja juu na jingine chini, yenye chumba cha rubani kilicho wazi, upepo wote ni wako. Eaglerock ziliundwa Colorado, jimbo la milima, na kampuni iliyoanza kwa kutengeneza matangazo ya filamu. Ziliuzwa kwa bei ya mwananchi wa kawaida, na miaka ya ishirini zilikuwa nyingi kama boda boda. Mwenyewe alikuwa ameiangusha, na hakuwa na mtu wa kuitengeneza.

Bob alimwendea akakubali kuirekebisha kwa dola moja kwa saa. Chuma kilichopinda akakinyoosha, mbao zilizovunjika akabadilisha, kitambaa cha mabawa akashona upya. Ilipomalizika aliikodi ndege ile ile kwa dola kumi kwa saa, akaanza biashara. Soma tena hiyo sentensi. Alilipwa kuitengeneza, kisha akalipa kuirusha, na mwenye ndege alikuwa na furaha kwa yote mawili.

Wacha nisimame hapa kidogo tuongee ndege, kwa sababu bila hapa huwezi kuelewa kwa nini chaguo lake la ndege lilikuwa ndilo uhai wake.

Unajua kwa nini wanariadha hukimbilia Iten kufanya mazoezi? Kule juu hewa ni nyembamba. Mwili unahangaika. Injini ya ndege ndogo nayo huhangaika vivyo hivyo, kwa sababu inapumua hewa ile ile. Kila ukipanda futi elfu moja, injini ya kawaida isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake. Ukifika futi 8,500 umebaki na kama robo tatu. Wakati huo huo bawa nalo linahitaji ndege iende kasi zaidi ndipo liweze kuibeba, na propela inakamata hewa kidogo. Mambo matatu yanakuibia kwa pamoja. Ndege iliyoruka vizuri Mombasa inaweza kukataa kuruka Eldoret, hasa mchana wa jua kali, kwa sababu joto nalo huifanya hewa kuwa nyembamba.

Kwa hivyo mtu anayetafuta ndege kuukuu ya milimani hatazami kwanza rangi wala mwendo. Kasi ya juu haimsaidii. Anachotaka ni ndege inayoweza kwenda polepole bila kuanguka, kwa sababu ndege inayotua polepole inahitaji mahali pafupi pa kutua, na ikigonga kitu inagonga kwa nguvu kidogo. Anataka bawa kubwa. Anataka nguvu nyingi kuliko uzito, tena akiba, si ya kutosha tu. Bawa likiwa juu ya chumba, rubani anaona ardhi chini, na pia ncha za bawa hazigongi mawe na marundo ya theluji. Gurudumu la tatu likiwa mkiani badala ya puani, propela inakaa juu, mbali na changarawe. Na fremu iwe ya mabomba ya chuma yaliyofunikwa kitambaa, kwa sababu hiyo unaweza kuichomelea porini. Fundi yeyote wa jua kali angeielewa kwa siku moja.

Kisha kuna maswali ya mtumba. Mabomba yameoza kwa ndani? Kitambaa kimekauka? Injini imefanya saa ngapi tangu ifunguliwe? Propela ina ufa? Spea zinapatikana, au ni ndege moja ya aina yake iliyobaki duniani? Bei ya kununua ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni matengenezo.

Eaglerock ilikuwa na bawa kubwa, lakini ilikuwa wazi kwa baridi na haikubeba mengi. Bob alipopata hela alitafuta mtumba mwingine, na huu ndio uliomjenga jina. Fairchild 51.

Hadithi ya Fairchild ni tamu yenyewe. Sherman Fairchild alikuwa mtu wa kamera. Alitaka ndege ya kupigia picha za ramani kutoka juu, akakosa inayofaa, akaamua kuunda yake. Ikatoka ndege yenye bawa moja juu, madirisha makubwa, chumba kilichofungwa chenye joto, na mabawa yanayokunjwa nyuma kama ya mdudu. FC-2 ilikuwa inabeba rubani na abiria wanne. Fairchild 51 ilikuwa FC-2 iliyotiwa injini yenye nguvu zaidi. Umeelewa? Mwili wa zamani, injini ya nguvu. Wale wa magari wanajua raha ya kitu hicho.

Iliundwa kwa ajili ya wapiga picha. Lakini madirisha ya mpiga picha ndiyo yale yale anayohitaji mtu anayetafuta mahali pa kutua kati ya mawe. Chumba cha kamera kikawa chumba cha magunia.

Sasa, migodi haikuwa na viwanja. Ilikuwa na mito ya barafu. Huu ni ule mgando mkubwa unaoshuka bondeni polepole, mwaka baada ya mwaka, una nyufa ndefu zinazoweza kumeza ndege nzima, na theluji laini imezifunika usizione. Bob akaweka mbao za kutelezea chini ya ndege mahali pa magurudumu, akaanza kutua juu yake.

Mara ya kwanza alipotua kwenye barafu karibu na mgodi wa Big Four, ndege ilizama kwenye theluji laini hadi tumboni. Ikachimbuliwa kwa sepeto. Alijifunza. Alijifunza kutua akipandisha mteremko, injini ikinguruma, kwa sababu ukizima nguvu ndege inasimama ghafla na kurudi nyuma kwa kuteleza. Ukifika mahali unapotaka unaigeuza ikae kukingama mlima. Kuondoka unaelekea chini, mzigo umeshauacha, na mteremko unakusukuma. Kutua kwa kupanda, kuruka kwa kushuka. Ukishakaribia sana mara nyingi hakuna kughairi, kwa sababu mbele yako ni ukuta wa mlima.

Kuna tatizo lingine ambalo sisi wa huku hatulijui. Siku ya mawingu, theluji na anga huwa rangi moja. Weupe mtupu. Huwezi kujua kama uko futi mia juu yake au tano. Marubani wa barafu walizoea kudondosha vitu vyeusi, magunia au matawi ya miti, ili jicho lipate pa kushika. Doa jeusi juu ya weupe linakwambia ardhi iko wapi. Kitu kidogo hivyo, na kinaamua kama utakula chajio.

Halafu ukaja msimu wa joto, na hapa ndipo akili ya huyu jamaa inaponifurahisha zaidi.

Kiangazi theluji ya Valdez mjini huyeyuka yote. Uwanja unakuwa udongo na mawe. Lakini kule juu kwenye migodi bado ni barafu, na hapo ndipo wachimbaji wanafanya kazi kwa wingi na wanahitaji mizigo. Ukiruka na magurudumu, huwezi kutua juu. Ukiweka mbao za thelujini, huwezi kuruka chini. Leo kuna vifaa vyenye vyote viwili, gurudumu na mbao, unavuta wenzo unachagua. Wakati ule Bob hakuwa navyo. Kwa mantiki ya kawaida, biashara ilikuwa imefungwa hadi majira ya baridi.

Kama umekulia Lamu au Mtwapa utapata jibu kabla yangu. Maji kupwa.

Valdez iko kando ya bahari, na maji yakipwa yanaacha tambarare kubwa ya matope laini yenye majani ya pwani, utelezi mtupu. Bob alifikiri: mbao za thelujini zinahitaji kuteleza tu, nani alisema lazima iwe ni theluji? Mbao zenyewe zilinasa kwenye matope na kuchakaa, kwa hivyo akatafuta chuma kisichoshika kutu. Akakipata kwenye kaunta ya baa iliyoachwa mjini. Akaibandua, akaifunika chini ya mbao zake. Kaunta iliyopitisha pombe ya wachimba dhahabu wa zamani sasa ikawa inapitisha ndege juu ya matope.

Na ikafanya kazi. Akawa anaruka kutoka matopeni, anatua barafuni, anarudi kutua matopeni, mwaka mzima. Ratiba yake ikawa ratiba ya bahari. Ukichelewa juu mlimani, ukirudi unakuta maji yamejaa na uwanja wako uko chini ya bahari. Matope nayo hushika, kwa hivyo watu walilazimika kuitikisa ndege ili ikubali kuanza kuteleza. Ndege ilirudi imepakwa tope kila mahali. Lakini hakuna rubani mwingine pale aliyekuwa akifanya hivyo, na migodi iliyokuwa imelala ikaanza kupumua tena. Alibeba nyama, barua, makaa, mashine, baruti. Ndiyo, baruti, juu ya mbao za kutelezea, kwenye barafu yenye nyufa.

Huko Valdez ndiko alikofunga ndoa na Janice, aliyeitwa Tillie, msichana wa jimbo lake la Wisconsin. Walipata watoto watano. Sijui alilalaje usingizi siku ambazo maji yalikuwa yamejaa na mumewe hajarudi.

Januari 1937 ikaja barua. Mwandishi alikuwa Bradford Washburn, kijana mpanda milima na mpiga picha kutoka Boston. Alikuwa anataka kupanda Lucania, mlima ulioko Yukon, Canada, karibu kabisa na mpaka wa Alaska. Lucania una mita zaidi ya 5,200, yaani umeuzidi kidogo tu Mlima Kenya. Wakati huo ulikuwa mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini ambao hakuna mtu alikuwa amefika kileleni. Watu waliowahi kuukaribia walisema haupandiki, kwa sababu kuufikia tu kwa miguu kunamaliza nguvu na chakula. Washburn alikuwa ameona picha ya jamaa wa Valdez na ndege yake ya matope. Akamuuliza kama anaweza kuwatua kwenye barafu ya Walsh, futi 8,500 juu, wakiwa na mizigo kamili. Hakuna aliyekuwa ametua juu hivyo na mzigo kama ule kwa mbao za thelujini. Bob akajibu kwa telegramu fupi, akikubali.

Mwezi Mei alipeleka chakula na vifaa, akatua vizuri, akaondoka vizuri. Juni 18, aliruka kutoka matopeni na Washburn na rafiki yake Bob Bates. Wenzao wawili walibaki Valdez wakingoja zamu. Safari ilikuwa ya mawingu na mabonde yanayofanana. Aliikuta barafu ya Walsh, akatua.

Ndege ikazama.

Hali ya hewa ilikuwa imebadilika. Joto lisilo la kawaida na mvua zilikuwa zimeigeuza theluji kuwa uji. Iliyokuwa ngumu mwezi Mei, sasa ndege ilikaa ndani yake kama ng'ombe kwenye kinamasi. Walichimba. Wakasukuma. Bob akawasha, akaenda mita chache, akatumbukia kwenye ufa uliofichwa, bawa likalala kwenye theluji. Wakachimba tena. Usiku walilala pale pale, siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu.

Sasa jiweke pale. Una ndege moja, ndiyo duka lako, ndiyo chakula cha watoto wako. Iko futi 8,500 juu kwenye uji wa barafu, na mvua haikomi. Wewe ni rubani, si mpanda milima, na mguu wako mmoja ni dhaifu. Kutoka kwa miguu ni safari ya wiki nyingi.

Usiku mmoja baridi ilirudi kidogo, uso wa theluji ukashikana. Bob akaanza kuivua ndege. Kila kilo isiyohitajika ikatoka: vifaa, akiba, kila kitu kinachofunguka. Kisha akafanya jambo la ufundi halisi. Alibadilisha pembe ya propela. Propela ya wakati ule ilirekebishwa ikiwa chini tu, kwa zana. Ukiilaza pembe, injini inazunguka haraka zaidi na kutoa nguvu zake zote kwenye mwendo wa chini, ingawa hutaweza kwenda kasi baadaye. Ni kama kuweka gari gia ya kwanza na kuifunga hapo. Angani itakuwa polepole na kelele, lakini walau utakuwa angani. Yule kijana aliyelipia masomo yake Texas kwa kufanya kazi za mikono ndiye aliyeshika spana siku ile.

Akawasha akateremka barafuni. Theluji ikamshika, ikamwachilia, ikamshika. Barafu ikawa inaisha mbele yake na ndege bado haijapaa. Akageuza ghafla kushoto kuelekea mahali barafu inapodondoka, akairusha ndege ukingoni. Ilianguka kwanza, ikapata mwendo, ikaruka. Washburn na Bates walibaki wakiisikia sauti ikififia.

Hakurudi kuwachukua, wala hawakutarajia arudi. Barafu ile haikutulika tena. Wale wawili, bila wenzao, walipanda Lucania na kufika kileleni Julai 9, kisha wakavuka mlima wa pili, Steele, wakatembea zaidi ya kilomita 160 nyikani hadi kijiji cha Burwash Landing. Kati yao hakuna aliyekufa. Hadithi ya safari yao ya kurudi ni makala nyingine.

Nauliza: angekuwa na ndege mpya, ya kasi, ya bei ghali, angetoka? Sidhani. Ndege zilizokuwa zinatoka viwandani miaka ile ya thelathini zilikuwa zinafuata mwendo, chuma kinachong'aa, magurudumu yanayojikunja, zimebuniwa kwa viwanja virefu. Kwenye uji ule wa Walsh zingebaki hapo hadi leo. Fairchild ilikuwa imepitwa na wakati, na ilikuwa na bawa kubwa, injini ya ziada na propela ambayo mtu mmoja angeweza kuirekebisha akiwa amepiga magoti kwenye theluji.

Watu wanaoruka milimani kwa bajeti ndogo hadi sasa bado wananunua kwa mantiki hiyo. Piper Super Cub ilianza kuundwa 1949, Cessna 180 mwaka 1953, na zote mbili bado zinagombaniwa zikiwa na umri wa babu zako. Zina bawa juu, gurudumu mkiani, mwendo mdogo wa kutua. Hata hapa Kenya Super Cub zimetumika kulinda wanyamapori. Asiye na pesa ya Super Cub, maana bei yake imepanda kwa sababu ya sifa, hutafuta Cessna 170 au Stinson 108, anakubali kubeba mzigo mdogo na kuruka asubuhi mapema kabla joto halijachachamaa.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Serikali ya Marekani ilianza kugawa leseni za njia za ndege, na Bob, aliyekuwa amezoea kwenda popote, alibanwa. Vita vya Pili vikampa kazi. Mwaka 1941 alihamisha watu na vifaa vya kujenga uwanja wa Northway, ndani ya Alaska, na hapo akapewa mtumba mkubwa kuliko yote: Boeing 80A ya injini tatu na mabawa mawili. Ndege za aina hiyo ndizo zilizobeba wahudumu wa kwanza wa kike angani mwaka 1930, zikiwa za fahari. Miaka michache baadaye zilistaafishwa. Ya Bob ilikatwa mlango mpana ubavuni, ikabeba saruji na mashine.

Kisha akapelekwa Visiwa vya Aleutian, mnyororo wa visiwa unaotoka Alaska kuelekea Urusi, mahali penye ukungu na upepo mkali kwa wakati mmoja, jambo lisilo la kawaida kwingi. Alikuwa raia akirushia jeshi, na aliijua njia ile kuliko wengi. Vita vilipoisha, jeshi likauza ndege zake za ziada. Unajua alichofanya. Akanunua mtumba, DC-3, malipo ya kwanza kidogo, mengine kwa mkopo. Mwaka 1946 mgomo wa meli ukafunga bandari, watu wakakwama Seattle, na Bob akawa anawapeleka Anchorage safari baada ya safari hadi deni likapungua. Mwaka 1947 akaunda kampuni, Reeve Aleutian Airways, akihudumia visiwa ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka.

Valdez aliyoijua haipo. Tetemeko kubwa la Machi 27, 1964, siku aliyotimiza miaka 62, liliivunja bandari, na mji ukahamishwa kilomita kadhaa. Mwaka 1969 timu ya besiboli ya Anchorage ilianzishwa ikaitwa Glacier Pilots kwa heshima yake. Mwaka 1975 aliingizwa katika ukumbi wa kitaifa wa mashujaa wa urubani wa Marekani. Alikufa Agosti 1980, kitandani si mlimani, na kampuni yake ikaendelea kuruka hadi Desemba 2000.

Ile Boeing 80A iliishia kwenye jaa la taka la Anchorage. Mwaka 1960 watu waliitambua, wakaitoa pale vipande vipande. Ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki, na ukifika Seattle utaikuta kwenye jumba la makumbusho la ndege, imesafishwa, imepakwa rangi upya.